Gumbo ya kwenye kasino Lake Charles: nyeusi, chungu, haina bamia hata moja. Ndivyo ilivyo au nimepigwa?

#1 Mpwa wa Lindi

Wakuu salaam.

Naishi Houston mwaka wa sita sasa. Mjomba wangu, mvuvi mstaafu, alikuja kututembelea mwezi wa kumi na moja, na kabla hajarudi nyumbani nikasema nimpeleke Lake Charles, ng'ambo ya mpaka wa Louisiana, akale vya baharini vya hao watu wanaoitwa Cajun. Kutoka kwangu ni saa mbili na ushee kwa barabara ya I-10. Tukaingia mgahawa wa vya baharini uliomo ndani ya kasino moja, jina silitaji. Kucheza hatukucheza, tulikwenda kula tu.

Nikaagiza gumbo ya vya baharini. Nilishaambiwa kwamba hilo neno lenyewe maana yake bamia, nikawa na hamu. Likaja bakuli pana, mchuzi mweusi kama kahawa, kamba wanne, miguu miwili ya kaa, wali umefinyangwa katikati kama kichuguu, na juu ya wali kijiko kizima cha saladi ya viazi, ya baridi! Bamia hamna. Nimechota mpaka chini, hamna. Kuonja, kuna uchungu unabaki nyuma ya ulimi kama wa ukoko ulioungua. Mjomba alionja vijiko viwili, akakiweka kijiko chini taratibu, akaniambia, "Mpwa, aliyepika hiki kakiunguza, akaona hasara kumwaga."

Dola 19 bakuli moja. Roho iliniuma kwa ajili ya mzee kuliko hela.

Swali: gumbo ndivyo ilivyo na sisi ndio hatuijui, au jiko la kasino linapika ovyo kwa kuwa watu wamefuata mashine? Wajuzi njooni.

#2 Chumvi Tele

Nipo siti ya mbele nasoma. Ila saladi ya baridi juu ya supu ya moto, hapo hata mimi ningemwita mhudumu.

#3 Dada wa Lafayette

Mpwa pole, na mpe mjomba pole yangu. Mimi nimeolewa huku Louisiana, mama mkwe ni Cajun wa damu, kwa hiyo nisikilizeni kidogo.

Saladi ya viazi si makosa. Watu wa huku wengi huitumbukiza kwenye gumbo, wengine hata wali hawataki, wanataka viazi tu. Mara ya kwanza nilishangaa kama wewe, leo nikikosa naulizia.

Weusi nao si makosa. Gumbo ya Cajun huanza na kitu wanakiita ruu: unga wa ngano na mafuta, kiasi sawa kwa sawa, unakoroga kwenye moto mdogo bila kuondoka. Kwanza unakuwa rangi ya mchanga, halafu karanga, halafu shaba, halafu chokoleti. Mama mkwe hutumia karibu dakika 50 na simu hapokei, hata akipiga mwanawe. Ndipo anatupia kitunguu, selari na pilipili hoho, vile vitatu wanavyoviita utatu mtakatifu, na sufuria inalia *tshaaa* jirani anajua leo kuna gumbo.

Ila uchungu wa ukoko, hapana. Ruu ikishatoa vidoa vyeusi imeungua, na hakuna dawa: unamwaga, unaosha sufuria, unaanza upya. Mjomba wako kasema kweli bila kusoma kitabu.

#4 Fundi wa Masufuria

Dada umeeleza vizuri jiko la nyumbani. Mimi nimepika miaka mitatu kwenye jiko la kasino, si hiyo ya mleta mada na silitaji jina. Pale hakuna anayekoroga dakika 50. Ruu ilikuwa inapikwa kwenye trei za oveni, nyingi kwa pamoja, inapozwa, inatumika siku kadhaa. Gumbo yenyewe inapikwa asubuhi kwenye masufuria ya mvuke ya kuingia mtoto, inapozwa, inafungwa kwenye mifuko, halafu jioni inapashwa kwa kadiri ya wateja.

Kwa hiyo si lazima mpishi awe mvivu. Gumbo ikikaa kwenye joto tangu saa kumi jioni mpaka saa nne usiku, maji yanapungua, chumvi inapanda, na ule ukali wa ruu unakusanyika chini. Mlikula saa ngapi?

#5 Mpwa wa Lindi

Fundi, tulikaa mezani kama saa tatu na nusu usiku, Jumamosi. Foleni ilikuwa ndefu.

#6 Lubumbashi Kwetu

Bandugu, jambo. Miye niko Dallas, mtoto wa Lubumbashi. Juu ya jina, acheni niseme. Kwetu Kongo, Kifaransa cha bamia ni *gombo* mpaka leo, sokoni unaomba gombo. Kwa Kilingala tunasema dongodongo. Asili yake ni lugha zetu za Kibantu: Waumbundu wa Angola wanasema *ochinggombo*. Watu waliobebwa utumwani kutoka Kongo na Angola walifika Louisiana na neno lao, na chakula chao. Kwa hiyo gumbo bila bamia ni kama ugali bila unga. Ndugu, wamekuibia.

#7 Karani wa Kumbukumbu

Lubumbashi, neno nakubali, wanaisimu wengi wanasimama upande wako. Lakini hukumu yako inakwenda mbio. Wapo wanaolivuta jina upande wa Wachoctaw, wenyeji wa nchi ile kabla ya Wazungu, ambao unga wa majani makavu ya msasafrasi waliuita *kombo*. Unga huo ndio unaoitwa filé, na ndio unaoifanya gumbo iwe nzito pasipo bamia. Tena usisahau kwamba sehemu kubwa ya Waafrika waliofikishwa Louisiana wakati wa Wafaransa walitoka Senegambia, na Wawolofu wana supu yao ya bamia na samaki, *supukanja*. Sufuria hilo limetiwa mkono na watu wengi.

Na hao Cajun wenyewe hawakuja na bamia. Ni wazao wa Wafaransa wa Acadia, Kanada ya leo, waliofukuzwa na Waingereza kuanzia 1755. Acadien, Cadien, Cajun. Walifika Louisiana miaka ya 1760 mikono mitupu, wakajifunza kula kilichopo.

#8 Dada wa Lafayette

Karani umenikumbusha jambo. Mama mkwe anasema zamani bamia ilikuwa ya kiangazi na filé ya baridi, kwa sababu bamia mbichi hazikuwapo majira ya baridi. Mpwa alikwenda mwezi wa kumi na moja. Kwa hiyo kukosa bamia si wizi.

#9 Lubumbashi Kwetu

Dada, kasino iko na friji. Bamia za barafu zinauzwa kila duka mwaka muzima. Hiyo sababu ya baridi ni ya bibi, si ya kasino.

#10 Chumvi Tele

Hapo Lubumbashi kapiga msumari.

#11 Mie wa Unguja

Assalaam alaykum. Mbona hakuna anaeuliza la msingi? Gumbo nyingi huku hutiwa soseji ya nguruwe, ile andouille, hata ukiagiza ya vya baharini. Supu ya msingi yenyewe yaweza kuwa ya mifupa ya nguruwe. Sisi watu wa pwani wengi ni Shafii, samaki na kamba hatuna tabu nao, kaa ndio wana khitilafu ya wanazuoni. Lakini hilo la soseji halina khitilafu. Mpwa, mlimuuliza mhudumu?

Na kuingia kasino kwa ajili ya kula tu, mie nafsi yangu haikubali. Simhukumu mtu, nasema ya kwangu.

#12 Mpwa wa Lindi

Bi Unguja, waalaykum salaam. Tuliuliza kabla ya kuagiza, mjomba ndiye aliyesisitiza. Binti alikwenda jikoni akarudi, akasema hii haina soseji, supu yake ni ya maganda ya kamba. Kuhusu kuingia, nakuelewa na nakuheshimu. Mgahawa ulikuwa na mlango wake upande wa hoteli, lakini choo kilikuwa ng'ambo ya ukumbi wa mashine, ikabidi tupite. Mjomba alipita ameinamisha macho.

#13 Sabato Njema

Wapendwa, Mambo ya Walawi 11 iko wazi: kisicho na mapezi na magamba tusile. Kamba, kaa, chaza, vyote nje. Mimi nikifika huko nakula kambale wa kukaanga na maisha yanaendelea.

#14 Chumvi Tele

Sabato ndugu yangu nakupenda, lakini kambale ana magamba gani?

#15 Sabato Njema

Chumvi, umenishika na nashukuru. Kweli kambale hana magamba. Nimekula miaka yote hiyo Louisiana nikimwita samaki tu. Kuanzia leo nitauliza kama wanaye kolekole au changu.

#16 Mtoto wa Naivasha

Niaje wadau. Mimi kilichonigusa siyo gumbo. Nilipofika huku Texas mara ya kwanza, jamaa wakanialika kwa chakula cha krofishi, wale kamba wadogo wekundu wa maji baridi. Wamepanga magazeti mezani, wamemwaga sufuria nzima: krofishi, viazi, mahindi, soseji, vitunguu saumu vizima. Nikaangalia vizuri nikasema, hawa nawajua! Hawa ndio wako kwa ziwa letu Naivasha!

Na si kufanana tu. Ni wale wale, krofishi wa Louisiana, waliwekwa Naivasha mwaka wa 1970 ili wavuliwe kwa biashara. Wakauzwa Ulaya. Wakazaana, wakala mimea ya ziwa mpaka maua ya maji yakaisha sehemu nyingi. Babangu alikuwa mvuvi wa matilapia, alikuwa akiwapata wamejinasa kwa nyavu, wanakata nyuzi, anawatupa huko kwa hasira. Mtu wa huku analipa pesa nyingi kwa kitu babangu alikuwa anakikanyaga na gumboot. Nilikula siku hiyo huku namfikiria yeye.

#17 Mpwa wa Lindi

Naivasha, hiyo habari nitamsomea mjomba. Mnawalaje? Kule kasino walikuwa kwenye menyu, nikaogopa.

#18 Mtoto wa Naivasha

Unashika kichwa na mkia, unazungusha, unavuta. Nyama iko kwa mkia, kidogo kama kidole cha mwisho. Kichwa unakinyonya, huko ndiko mafuta na pilipili imejificha. Usiguse macho na hiyo mikono, nakuomba. Houston kuna Wavietnamu wanawapika na siagi na kitunguu saumu juu, tamu ajabu, kushinda hata ya wenyewe.

#19 Dada wa Lafayette

"Kushinda ya wenyewe" usiiseme huku kwetu 😄 Siri ya krofishi si kuchemsha. Wanachemka dakika chache tu, halafu unazima moto na kuwaacha kwenye maji ya viungo wanywe. Wanaokosea ni wale wanaowatoa haraka na kuwanyunyizia pilipili juu ya ganda. Na Mpwa umefanya vema kuogopa mwezi huo. Msimu mzuri ni kama Machi mpaka Mei. Nje ya msimu mara nyingi ni mikia ya barafu, na mingi hutoka Uchina.

#20 Hesabu Haidanganyi

Nimesoma wote, hamjagusa biashara. Sheria ya Texas hairuhusu kasino za kibiashara kama za Louisiana, ndiyo maana maegesho ya Lake Charles yamejaa namba za Texas. Kasino inajua umeendesha zaidi ya kilomita 200 na huna pa kwenda. Zamani chakula kilikuwa chambo: kula kwa bei ya kutupa, ubaki ucheze. Mwenye kadi ya kasino hukusanya pointi na mara nyingine anakula bure kabisa. Sasa anayelipa taslimu kama Mpwa ndiye anayewabebea wale wa bure. Jiko halimwogopi, kwa sababu mteja wake halisi ni yule wa kadi, na yule hata supu ikiwa chungu halalamiki.

#21 Fundi wa Masufuria

Hesabu, nakupinga. Wa bure ndio walalamishi wakubwa! Bibi wa pointi alikuwa akirudisha sahani mara mbili na meneja anakuja jikoni mwenyewe, kwa sababu yule bibi akikasirika anahamia kasino ya jirani. Isitoshe, mgahawa mwingine ndani ya kasino si wa kasino. Ni mpangaji, ana jina lake na hesabu zake, akipika vibaya anaumia yeye.

#22 Hesabu Haidanganyi

Mpangaji naye analipa pango, na pango linatoka kwenye bakuli la dola 19. Kamba wanne ndio walikuwa wa pango.

#23 Karani wa Kumbukumbu

Kuhusu hao kamba: kamba wengi wanaoliwa Marekani hutoka nje, India, Ecuador, Indonesia, Vietnam. Louisiana tangu 2019 ina sheria kwamba mgahawa ukiuza kamba au krofishi wa kuagizwa lazima uandike kwenye menyu. Mpwa, uliona maandishi chini kabisa, kwa herufi ndogo?

#24 Mpwa wa Lindi

Karani, niliona maandishi ya onyo la chaza wabichi kwa wenye maradhi ya ini. Kuhusu kamba sikutazama. Lakini mjomba alimgeuza kamba mmoja kwa uma, akambonyeza, akasema, "Huyu kakaa barafuni muda mrefu, kalegea mgongoni." Yeye kamba anamjua kwa kidole.

#25 Chumvi Tele

Nakubaliana na mjomba kwa kila kitu. Tufanye mjomba awe mkaguzi. Ila mimi nadhani watu wa Cajun wanapenda kuunguza tu. Si wana yule samaki mweusi kabisa wa kikaangoni? Huo uchungu ni mila yao.

#26 Dada wa Lafayette

Hapana Chumvi. Samaki yule si mila ya kale. Alivumishwa na mpishi Paul Prudhomme huko New Orleans miaka ya 1980: samaki anachovywa kwenye siagi, anapakwa viungo, anatupwa kwenye kikaango cha chuma cha moto mkali. Kinachokuwa cheusi ni siagi na viungo. Alipendwa mpaka uvuvi wa samaki yule ukabidi uwekewe mipaka. Mama mkwe anasema utotoni hakuwahi kumwona samaki wa namna hiyo mezani kwao.

#27 Daktari wa Meno Tu

Naongeza la kwangu. Ulimi haufanyi kazi bila pua. Sheria ya Louisiana iliyoanza 2007 ilikataza sigara migahawani lakini ikaziacha kasino. New Orleans ilikuja kukataza hata kwenye kasino mwaka 2015, ila Lake Charles si New Orleans. Ukiingia Jumamosi usiku, moshi unatoka ukumbini, unaingia pale mnaposubiri foleni. Nusu saa ya moshi kisha unaonja kitu chenye ukali wa kuungua: kitakuwa kichungu mara mbili. Mpwa, nguo zenu zilinuka mlipofika nyumbani?

#28 Mpwa wa Lindi

Zilinuka mpaka koti la mjomba tukalianika nje usiku kucha. Sikulifikiria kabisa hilo.

#29 Fundi wa Masufuria

Daktari ana hoja, ila uchungu wa moshi ungekuwa kwenye maji na mkate pia. Mkate ulikuwaje?

#30 Mpwa wa Lindi

Mkate ulikuwa mtamu. Mjomba alikula wote, na wangu.

#31 Mie wa Unguja

Mzee kashiba mkate baada ya safari yote hiyo. Inatia huruma wallahi. Mpikieni mchuzi wa kaa wa nazi kabla hajaondoka.

#32 Lubumbashi Kwetu

Na bamia ndani!

#33 Sabato Njema

Je, bakshishi mliacha? Naona hamjaitaja, na yule binti aliwakimbilia jikoni kuuliza.

#34 Mpwa wa Lindi

Tuliacha asilimia 20. Mshahara wa sheria wa mhudumu wa bakshishi ni dola 2.13 kwa saa tangu 1991, binti hana kosa la sufuria. Mjomba alimshukuru kwa Kiswahili, naye akacheka akamshika mkono.

#35 Mpwa wa Lindi

Wakuu, nimerudi na mrejesho. Mjomba ameshaondoka salama. Jumanne nilikuwa na kazi ya mzigo upande ule, nikapita tena mgahawa ule ule, saa tano na nusu asubuhi. Nikaagiza bakuli lile lile. Rangi ni ile ile ya kahawa. Uchungu HAMNA. Nimemaliza na saladi ya viazi nikaichanganya kama Dada alivyosema, ubaridi wake unapoza ule mchuzi vizuri, kila kijiko kinakuja na ladha yake. Nilitamani mzee angekuwapo.

#36 Fundi wa Masufuria

Si nilisema? Asubuhi sufuria ni mpya.

#37 Daktari wa Meno Tu

Na asubuhi hakuna moshi.

#38 Hesabu Haidanganyi

Na Jumanne hakuna foleni, wanabembeleza wateja. Bei?

#39 Mpwa wa Lindi

Bei ile ile. Na mpishi wa Jumanne si yule wa Jumamosi, niliuliza.

#40 Dada wa Lafayette

Uliuliza pia kama ni ya bamia au ya filé?

#41 Mpwa wa Lindi

Niliuliza. Akasema zote mbili. Lakini bamia sikuiona tena, hata mbegu.

#42 Dada wa Lafayette

Zote mbili? Mama mkwe akisikia hivyo anainuka mezani. Ukitia bamia hutii filé, itavutika kama gundi.

#43 Lubumbashi Kwetu

Bamia iko ndani. Ikipikwa saa nyingi inayeyuka, unakula bila kuiona. Kwetu mama anafanya hivyo kila juma.

#44 Chumvi Tele

Sasa ile ya Jumamosi nayo ilikuwa nayo, imeyeyuka?